Mjukuu anapimwa, bibi aliyemleta hapimwi

Msomaji wangu, kama umewahi kuishi kijijini unaifahamu Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Hufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwenye ofisi ya kijiji, kwenye zahanati au chini ya mti wenye kivuli. Watoto wa chini ya miaka mitano wanapimwa uzito, wanazungushiwa mkononi ule utepe wa kijani, njano na nyekundu, na aliyeangukia kwenye nyekundu anaandikiwa rufaa. Wajawazito na wanaonyonyesha wanapewa elimu ya lishe. Ni kazi nzuri, na sina neno baya juu yake.

Sasa angalia nani wamewaleta watoto hao. Wengi ni mama zao. Lakini katika foleni hiyo hukosi bibi mmoja, wawili, watano, walioachiwa wajukuu baada ya wazazi kwenda mjini kutafuta maisha, au baada ya wazazi kufariki. Bibi anamvua mjukuu nguo, anamshika asilie, anasikiliza ushauri wa kumwongezea yai na dagaa, anashukuru, anambeba mgongoni na kuondoka. Hakuna aliyemuuliza yeye jana alikula nini. Yai likipatikana nyumbani, sote tunajua litaliwa na nani.

Ninachotaka kukueleza wiki hii ni kwamba mzee wa kijijini anaweza kupimwa lishe siku ileile, kwenye meza ileile, na wahudumu walewale. Vifaa karibu vyote vipo. Na kabla mamlaka hazijaamua hivyo, wewe mwenye mzazi kijijini, au wewe mwenyewe uliyevuka miaka 60, unaweza kuanza nyumbani kwa futi ya fundi cherehani na maswali sita.

Kwanza tuone kwa nini hapimwi. Utafiti mkubwa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022, ule unaotupatia takwimu za udumavu, hupima lishe ya watoto wa chini ya miaka mitano na ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulichukua watu wa miaka 25 hadi 64. Maana yake ni kwamba mama yako alipofikisha miaka 50 alitoka kwenye hesabu ya kwanza, na alipofikisha 65 alikuwa nje ya zote mbili. Hakufa, ila kitakwimu hayupo.

Asiyekuwepo kwenye takwimu hayupo kwenye bajeti. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya shughuli za lishe. Kipimo hicho ndicho kinachoulizwa kwenye vikao. Mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa wameisaini inafuatiliwa kwa viashiria, na mkuu wa mkoa akiitwa kujieleza ataulizwa kuhusu udumavu. Kwa upande wa watoto utaratibu huo umesaidia: udumavu ulikuwa asilimia 34 mwaka 2015/16, ukashuka hadi asilimia 30 mwaka 2022. Bado ni mkubwa, na sisemi mtoto apunguziwe hata senti. Nasema mzee hana shilingi yake, na hakuna kiongozi anayeulizwa kuhusu kukonda kwake.

Na si watu wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wa miaka 60 na kuendelea wapatao milioni 2.5, na wengi wao wanaishi vijijini. Tangu hapo idadi imepanda.

Kuna sababu nyingine, na hii iko kwetu sisi, haiko Dodoma wala kwenye halmashauri. Tumezoea kuona mzee akikonda tukasema ni uzee tu. Mtoto akipungua kilo moja nyumba nzima inahangaika. Mzee akipungua kilo sita tunasema amezeeka sasa. Ukweli ni kwamba uzee unapunguza misuli taratibu, mwaka hadi mwaka, lakini hauondoi kilo tatu ndani ya miezi mitatu. Mzee aliyepungua kiasi hicho bila kukusudia ana tatizo linalotafutika: ugonjwa, dawa, meno, huzuni au chungu kilicho kitupu.

Wengine hudhani mzee anahitaji chakula kidogo kuliko kijana, na kwa nishati kuna ukweli ndani yake, kwa kuwa mwili wenye misuli michache na unaotulia unatumia nguvu kidogo. Lakini majedwali yanayopunguza chakula cha wazee yanamfikiria mstaafu aliyekaa kwenye kochi. Bibi wa Chamwino au Igunga hajastaafu. Analima msimu mzima, anachota maji, anaokota kuni, anafua nguo za wajukuu watatu. Kumpunguzia chakula kwa sababu ya umri wake ni kumhesabia mapumziko ambayo hajawahi kuyapata.

Kwa protini hali ni kinyume kabisa na wanavyodhani watu. Mwili wa mzee unatumia protini kwa ufanisi mdogo, kwa hiyo anahitaji nyingi kidogo kuliko kijana ili misuli isiyeyuke. Wataalamu wengi wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mzee wa kilo 50 basi anahitaji gramu 50 hadi 60. Mahitaji ya vitamini na madini nayo hayapungui sana. Kuna hata yanayopatikana kwa shida zaidi, kama vitamini B12, kwa sababu tumbo la mzee mara nyingi hutoa asidi kidogo na kushindwa kuichukua kutoka kwenye chakula. Vitamini hiyo ipo kwenye vyakula vya asili ya wanyama tu. Ukikosekana kwa muda mrefu huleta upungufu wa damu, ganzi miguuni, na kusahau ambako watu hukuita uzee.

Tufanye hesabu ya sahani. Chukua mzee ambaye asubuhi amekunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Mchana amepitisha hivihivi. Jioni amekula ugali wa mtama na mlenda. Muhogo umempa gramu mbili tatu za protini. Ugali, tuseme unga wa gramu 200, umempa kama 16. Mlenda gramu chache. Jumla haifiki 25, yaani nusu ya mahitaji yake, na tumbo limejaa. Ukimuuliza kama ameshiba atakuambia ameshiba, na hasemi uongo.

Sasa ongeza kikombe cha maharage au kunde zilizoiva, kama gramu 15. Ongeza robo lita ya maziwa, fresh au mgando, gramu 8. Ongeza konzi ya dagaa wakavu wenye uzito wa gramu 20, kama gramu 12 za protini. Umefika karibu 60 bila kugusa bucha. Protini ya mahindi na mtama peke yake ina kasoro ambayo jamii ya kunde huiziba, kwa hiyo ugali na maharage wanasaidiana kuliko kila mmoja peke yake. Yai moja, kama mnafuga kuku, ni gramu 6 nyingine. Tahadhari moja hapa: kama mzee ameambiwa na daktari kuwa figo zake zina shida, kiasi cha protini akipange na daktari huyo, asifuate hesabu yangu.

Tuje kwenye kupima. Wenzetu wa Ulaya walitengeneza dodoso fupi la maswali sita kwa ajili ya watu wa miaka 65 na kuendelea, na leo linatumika nchi nyingi. Nitakueleza kwa lugha ya nyumbani ili uweze kulitumia wikiendi hii.

Swali la kwanza: kwa miezi mitatu iliyopita, amekuwa akila kidogo kuliko kawaida yake, kwa kukosa hamu, kwa tumbo, au kwa shida ya kutafuna na kumeza? Amepunguza sana, pointi 0, kiasi, 1, hajapunguza, 2. La pili ni uzito. Amepungua zaidi ya kilo tatu katika miezi hiyo mitatu, 0, hajui, 1, kati ya kilo moja na tatu, 2, hajapungua, 3. La tatu, anatembea? Yuko kitandani au kwenye kiti tu, 0, anaamka lakini hatoki nje ya nyumba, 1, anatoka, 2. La nne, amepata ugonjwa mkali au pigo kubwa la moyo, kama kufiwa, ndani ya miezi hiyo? Ndiyo ni 0, hapana ni 2. La tano ni akili: kusahau kukubwa au sonona kali ni 0, kusahau kidogo ni 1, hana tatizo ni 2.

La sita ndilo linalohitaji futi. Mkalishe kwenye kiti, miguu imekanyaga chini, zungusha futi kwenye kigimbi, ile nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti, pale ilipo nene zaidi. Usibane. Chini ya sentimita 31 ni 0. Kuanzia 31 ni 3. Jumlisha. Pointi 12 hadi 14, lishe yake iko sawa. 8 hadi 11, yuko hatarini. 7 na kushuka, ana utapiamlo na anatakiwa kuonekana zahanati.

Wakati mwingine hutumiwa uwiano wa uzito na urefu badala ya kigimbi, lakini kwa wazee wetu uwiano huo una mtego. Mgongo ukipinda urefu unapungua, hesabu inatoa jibu la uongo, na aliyekonda anaonekana yuko sawa. Jambo hili halikugunduliwa mbali. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti waliopima mamia ya wazee wakimbizi wa Rwanda kule Karagwe, Kagera, walipima urefu wa mikono iliyonyooshwa badala ya kimo, maana mikono haipindi. Walipima pia nguvu ya kushika kwa kiganja, na wakaona waliokonda walikuwa na mkono dhaifu. Mzee asiyeweza kukaza mfuniko wa dumu au kubeba sufuria aliyokuwa akiibeba mwaka jana anakupa habari ileile bila mashine.

Usizichukulie sentimita 31 kama hukumu. Kipimo hicho kimewekwa kwa kuangalia miili ya watu wengine, na kuna watu wenye miguu myembamba tangu ujana. Kinachosema zaidi ni mabadiliko: kigimbi cha 30 mwezi wa tano kikawa 28 mwezi wa nane. Na kama miguu imevimba, futi na mzani vyote vinadanganya. Bonyeza kwa kidole. Kikiacha shimo, mpeleke zahanati kwa ajili ya uvimbe wenyewe kwanza.

Je, ule utepe wa mtoto unafaa? Kwa sentimita zake, ndiyo. Kwa rangi zake, hapana. Rangi ziliwekwa kwa ajili ya mkono wa mtoto mdogo. Katika tathmini za wazee wakati wa dharura, mkono wa juu wenye mzunguko chini ya sentimita 21 huhesabiwa kuwa utapiamlo, na chini ya 18.5 kuwa utapiamlo mkali. Mhudumu anayejua namba hizo mbili anaweza kumpima bibi akiwa bado amemshika mjukuu. Ni dakika moja.

Kuuliza nako kuna namna yake. Ukifika nyumbani ukamwambia "Shikamoo babu, umekula?", atakujibu "Marahaba mwanangu, nimekula." Mzee mwenye heshima zake hawezi kukwambia mwanawe hana chakula. Uliza hivi: jana asubuhi ulianza na nini? Mchana je? Mboga ilikuwa ipi? Nani mlikula naye? Fungua chungu, angalia jikoni pana nini. Angalia mkanda wake umefika tundu la ngapi, pete inavyozunguka kidoleni, meno ya bandia yanavyocheza. Wewe unayempigia simu kila Jumapili, ujue kwamba sauti haikondi. Mwombe dada au jirani akupigie picha ya mzee akiwa amesimama, leo na baada ya miezi mitatu, uziweke pamoja.

Halafu angalia mwezi unaopima. Kanda ya Kati, ambako mvua ni ya msimu mmoja, maghala huwa yamejaa kuanzia Juni na yanabaki matupu Januari hadi Machi, wakati huohuo kazi ya palizi ikiwa imepamba moto. Anayekuja likizo ya Juni anamkuta mzee amenawiri kidogo, anaondoka ameridhika. Anayekuja Krismasi naye anakuja na mchele na nyama, kwa hiyo wiki hiyo haihesabiki. Ukitaka kujua hali halisi ya mzazi wako, pima Februari.

Ukimkuta amepungua, usikimbilie dukani kabla ya kutafuta sababu. Kifua kikuu cha wazee hujificha. Wengine hawana kikohozi kikubwa, wana homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Kipimo na dawa zake hutolewa bure. Kisukari hukondesha. Virusi vya Ukimwi havina kikomo cha umri, ingawa wengi huona aibu kumpima bibi. Vidonda vya tumbo, saratani, tezi ya shingo, yote yako kwenye orodha ya daktari.

Meno nayo. Katika vijiji vyetu ni sababu kubwa ninavyoona mimi, na haipewi uzito. Mzee mwenye meno manne haachi nyama kwa sababu haipendi. Anaacha mahindi ya kuchoma, karanga, nyama, matunda magumu, anabaki na ugali na mchuzi.

Dawa pia ziulizwe. Baadhi hupunguza hamu ya kula au kubadili ladha mdomoni. Metformini, dawa ya kisukari inayotumiwa na wengi, ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12. Glibenklamidi ni hatari kwa njia nyingine: mzee akiimeza asubuhi halafu asile, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Asiache dawa kwa uamuzi wake, lakini daktari lazima aambiwe ukweli kwamba kuna siku nyumbani hakuna kifungua kinywa. Mgonjwa akificha hilo, dozi itaandikwa kwa ajili ya mtu anayekula mara tatu.

Kisha kuna kufiwa na kusahau. Mzee wa kiume aliyefiwa na mkewe mara nyingi hajui kupika, na anaona aibu kwenda kula kwa mkwe. Kuhusu kusahau, utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na zaidi ulikuta asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mtu wa namna hiyo anaweza kukataa chakula kwa sababu anaamini amekula tayari. Chakula kikiachwa mezani peke yake hakiliwi. Akae mtu naye.

Kwenye kulisha, mazoea ya jikoni kwetu yana majibu mengi kuliko makopo ya dukani. Mlenda uliowekwa unga wa karanga ni laini, hauhitaji meno, na una nguvu. Lakini karanga ziwe safi. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye rangi ya ajabu zitupwe, wala zisiliwe na kuku. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa nafaka za nyumbani. Dagaa watwangwe kwenye kinu wakiwa wamekaangwa kidogo, unga wake uwekwe kwenye mboga au uji. Maharage yapondwe. Parachichi na ndizi mbivu hazina shida ya meno. Kijiko cha mafuta au cha karanga za kusaga kwenye uji kinaongeza nguvu bila kuongeza ujazo, jambo muhimu kwa mtu anayeshiba upesi.

Ule unga wa lishe wenye nafaka saba na soya na karanga na mchele vyote pamoja siushabikii sana. Kila kimoja kina muda wake wa kuiva na namna yake ya kuharibika, na mara nyingi huwezi kujua kama karanga zilizosagwa humo zilikuwa nzima. Afadhali uji wa nafaka moja, kisha maziwa au yai au karanga ulizochambua mwenyewe viongezwe jikoni.

Sinia moja ni jambo zuri, linamfanya mzee asile peke yake. Ila wajukuu wana mikono myepesi. Mzee anatafuna tonge la kwanza, wao wako la tano, na mboga imekwisha. Mtengee bakuli lake la mboga pembeni, kwa heshima, kama mnavyomtengea mgeni. Mpeni milo midogo minne au mitano kuliko miwili mikubwa. Na maji: kiu hupungua na umri, kwa hiyo asisubiri kuisikia, hasa kiangazi, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo.

Mzee ambaye hajala kabisa kwa siku nyingi na amebaki mifupa asijaziwe chakula kwa pupa nyumbani. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla unaweza kupata matatizo makubwa ya chumvi za damu na moyo. Huyo ni wa hospitali, sawa na asiyeweza kumeza, anayepaliwa kila akinywa, au aliyechanganyikiwa ghafla.

Upande wa Serikali, mlango uko wazi sasa kuliko miaka ya nyuma. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Hawa ndio watakaopita nyumba kwa nyumba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma jumuishi kwa wazee unataka mhudumu wa ngazi hiyo aulize maswali mawili tu kuhusu lishe: umepungua zaidi ya kilo tatu bila kukusudia katika miezi mitatu iliyopita? Umepoteza hamu ya kula? Akijibu ndiyo kwa moja, apelekwe mbele. Maswali mawili hayahitaji mfadhili. Yanahitaji mistari miwili kwenye rejista ya mhudumu, na bila mistari hiyo hata mhudumu mwenye moyo hatakuwa na pa kuandika.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 tumeahidi matibabu bure kwa wazee wasiojiweza. Dirisha la wazee lipo kwenye vituo vingi. Lakini dirisha humhudumia aliyefika. Aliyedhoofika kwa njaa hafiki, na akifika huandikiwa dawa ya presha bila kuwekwa kwenye mzani. Kwa maoni yangu uzito wa mzee uandikwe kila anapofika kliniki, kama tunavyoandika presha yake, na kushuka kwake kuchukuliwe kwa uzito uleule.

Fedha mkononi nazo zina nafasi yake. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, ikaja kupandishwa. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za kule kwa mwezi, pia kuanzia miaka 70. Tanzania Bara hatuna pensheni ya wazee wote. Tuna TASAF kwa kaya zilizo duni zaidi, nayo haiangalii umri peke yake. Kiasi hicho si kikubwa popote, lakini kwa mzee anayeishi kwa ugali na mlenda, maziwa ya kila siku yanaweza kutoka humo.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, sawa na siku ya lishe. Kwenye mkutano ujao, wewe au mwakilishi wa baraza la wazee mnaweza kuomba mambo mawili kwa mwenyekiti na mtendaji: wazee watangaziwe kuja siku ya kupima watoto, na mhudumu wa kitongoji awe na daftari lao. Daftari la shule linatosha. Jina, tarehe, uzito, kigimbi, mkono, na jana amekula nini. Wasioweza kutembea wafuatwe nyumbani siku inayofuata, waanze na wanaoishi peke yao.